Vishindo Nyuma ya Elvina

Ukiuliza kijijini Fond Marcelle, kisiwani Dominika, Elvina Laronde alianza lini kukimbia, watakutajia mashindano ya shule ya mwaka themanini na moja, alipowaacha wasichana wakubwa kwa umbali uliomfanya mwalimu aitikise saa yake akidhani imeharibika. Hayo ndiyo ya kusemwa hadharani. Wenye umri wao wanajua alianza miaka miwili kabla, siku ya kimbunga, ila hakuna anayelitaja hilo mbele ya mama yake.

Siku hiyo Elvina alikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wake Merle sita. Mabati ya nyumba yalipong'oka yote kwa pamoja, mama yao, Philbertha, aliwatoa nje wakimbilie kanisani, jengo pekee la mawe. Elvina alimshika Merle mkono, mama akawa nyuma yao. Hawajafika hata kwenye korongo, kilima kilichokuwa juu ya nyumba kikameguka. Mti ukamwangukia mama mguuni. Elvina anakumbuka ngurumo, na matope yaliyomfika magotini. Anakumbuka mkono wa Merle umo mkononi mwake, halafu haumo. Kilichopita kati ya hayo mawili hakikumbuki.

Alifika kanisani peke yake. Mzee Cuthbert, mpiga kengele, alimfungulia mlango, akamfunika gunia, akamwambia Mungu amempa miguu. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mbio aliyowahi kupewa. Mama alichimbuliwa jioni ile akiwa hai, mguu umevunjika mara mbili. Merle walimpata siku ya tatu, chini ya kidaraja cha korongo, ana kandambili moja tu.

Vishindo alivisikia mara ya kwanza kwenye yale mashindano ya shule, alipoingia kwenye kona. Wasichana wengine alikwisha kuwaacha mbali, lakini nyuma yake kulikuwa na mtu anakuja: pa ya kandambili, kisha ukimya wa mguu mtupu kwenye nyasi, kisha pa tena. Elvina alikimbia hadi mwisho wa uwanja, akaupita, akaingia kwenye migomba, na huko ndiko walikomkuta amekaa chini ameziba masikio, huku wenzake wakimshangilia.

Mwalimu Royer, aliyemfundisha tangu siku hiyo, alimpeleka kwenye barabara ya malori ya ndizi na kumpimia mita mia mbili kwa kamba. Siku moja alitaka kujua anawaza nini akifika kwenye kona, maana hapo ndipo alipoongeza mwendo wakati wenzake wote wanapunguza.

"Siwazi kitu, Mwalimu. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Upepo."

Mwalimu Royer akaanza kuikunja kamba yake. Naye alikuwapo mwaka wa kimbunga.

Miguu hiyo ikampeleka Barbados kwenye mashindano ya vijana wa visiwa, akarudi na medali ya fedha. Ikampeleka chuo kimoja cha Texas kwa ufadhili, kisha Hispania, Japani, Ujerumani, viwanja ambavyo alijifunza kuvitofautisha kwa baridi tu. Kwenye gwaride la ufunguzi alibeba bendera ya Dominika yeye mwenyewe, kwani mara nyingine hakukuwa na mwingine wa kuibeba. Mjamaika mmoja, Novlette Gayle, aliyezoea kupangiwa naye chumba kimoja, hakuchoka kumtania.

"We Dominika, safari hii mmekuja wangapi?"

"Mimi na begi langu."

"Basi begi likimbie mia nne, wewe pumzika."

Novlette huyo huyo ndiye aliyemwambia siku moja, wakivaa viatu vya misumari: "Sisi wote tunakimbilia pale mbele, mwenzangu. Wewe unakimbia kama mtu aliyefunguliwa mbwa." Hakukuwa na utani ndani yake. Elvina aliinama, akafungua kamba aliyokwisha kuifunga, akaifunga upya.

Nyumbani, redio ilipotangaza mbio zake, kijiji kizima kilijazana dukani kwa Bibi Toussaint, rumu ikanywewa tangu asubuhi. Philbertha alichukua jembe lake na kuchechemea kwenda kuchimba magimbi. Elvina alimpelekea friji, mapazia, viatu vya kuusaidia ule mguu. Alimpigia simu baada ya kila mbio, na mama alimuuliza kama amekula. Hakuwahi kumuuliza ametoka wa ngapi. Elvina alidhani anaelewa kwa nini. Mama aliona. Mama anajua nilimwachia Merle. Hakumlaumu, angekuwa yeye, angefanya vivyo hivyo.

Fainali kubwa kuliko zote alizowahi kuingia ilikuwa kwenye mji mmoja wa kaskazini mwa Ulaya, naye ana miaka ishirini na mitano. Alipewa njia ya saba. Bastola ililia, akaingia kwenye kona, na vishindo vikaja kama kawaida, pa, na ukimya, na pa. Alitoka kwenye kona akiwa wa pili. Halafu nyuma yake pakawa kimya. Miaka yote alikuwa ameomba ukimya huo, na ulipokuja ulimtisha kuliko vishindo vyenyewe, kwa sababu aliuelewa kwa namna moja tu: mtoto ameanguka.

Elvina akageuza shingo.

Hakuona kitu ila wanawake wanne wanaokimbia, na watatu kati yao wakampita. Alitoka wa tano. Waandishi walipomuuliza alikuwa akimtafuta nani, alijibu kwamba jua lilimpiga machoni. Dukani kwa Bibi Toussaint waligombana juu ya ile shingo kwa mwezi mzima.

Alikimbia miaka miwili zaidi, vishindo vikiwa vimerudi kana kwamba havikuwahi kukoma, mpaka msuli wa paja ulipochanika na daktari akamwambia inatosha. Alirudi Fond Marcelle, akapata kazi ya kufundisha michezo shuleni, akaishi na mama yake. Waliongea kuhusu bei ya ndizi na paa linalovuja.

Mwaka wa tatu, asubuhi moja ya mvua, walikuwa jikoni wakimenya ndizi mbichi. Philbertha alisema bila kuinua macho:

"Nani alikwambia utazame nyuma?"

"Mama?"

"Kule Ulaya. Walinisimulia dukani. Nani alikwambia utazame nyuma, wakati mimi nilikwambia usitazame?"

Elvina aliweka kisu chini. Mama yake aliendelea kumenya. Alisema kwamba pale chini ya mti aliona kilima kinakuja. Merle alikuwa analilia kandambili iliyobaki kwenye matope, anamvuta dada yake arudi. "Nikakupigia kelele. Mwachie, Elvina. Kimbia, usitazame nyuma."

"Sikukusikia."

"Ulinisikia. Ulimwachia pale pale."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekwambia nini, mwanangu? Kwamba nilichagua?" Philbertha alifuta mikono kwenye aproni. "Wao wakishangilia mbio zako, mimi nasikia mdomo wangu wa siku ile."

Elvina alitoka na mvua ile ile, akapanda gari la kwenda mjini Roseau, akakaa huko kwa rafiki yake siku tisa. Alitafuta sauti ya mama yake ndani ya ile ngurumo na hakuipata. Pengine ilikuwamo. Pengine mwanamke mzee ameamua kumtua mtoto wake mzigo na kujitwika mwenyewe, na uongo huo ameutunga miaka mitatu akimenya ndizi. Siku ya kumi alirudi, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumtekea mama yake maji. Jambo lile hawakulizungumza tena. Vishindo navyo havikukoma; siku hizi vilimjia hata akitembea.

Siku ya michezo ya shule mwaka huo, Philbertha alivaa gauni lake la kanisani na kusema anakwenda. Elvina alimkalisha kwenye kiti kivulini, karibu na kona. Aliangalia mbio mbili bila kupiga makofi, mikono yote juu ya fimbo. Watoto wa darasa la kwanza, wa umri ule wa Merle, walipopangwa kwenye mstari aliomba arudishwe nyumbani.

Elvina alimkabidhi filimbi mwalimu mwenzake. Mama yake hakutaka njia ya korongo, kwa hiyo walipita ya juu, ambayo kwa mguu ule ilikuwa mwendo wa saa nzima, mkono wa mama umo mkononi mwa Elvina, wakisimama kila penye ukuta wa kuegemea.