Namba kwenye Madigadi

Siku ya nne Matonya aliingia kituoni kwa miguu, kama siku tatu zilizotangulia, na Koplo Anyesi wa mapokezi alipomwona akashusha pumzi. Hata yeye alishachoka kumwona.

"Shikamoo, Baba Zablon."

"Marahaba, mwanangu. Leo je?"

"Leo afande Wambura yupo. Kaa hapo, atakuita."

Akakaa kwenye benchi, akanyoosha miguu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipeleka maziwa kwa baiskeli kutoka Msalato hadi Area D, madumu mawili kwenye karia na moja kwenye usukani, na magoti hayajawahi kumsumbua kama wiki hii ya kutembea. Baiskeli yenyewe ilikuwa nje, anaiona dirishani, imefungwa mnyororo kwenye mwarobaini pamoja na pikipiki za watu. Ndiyo iliyomchosha zaidi, kuiona kila siku na kuondoka bila kuigusa.

Kosa hakulikana. Jumatatu asubuhi alipita taa nyekundu kwenye makutano mapya. Barabara ilikuwa tupu, na miaka yake yote pale palikuwa na vumbi na mbuzi, taa za nini? Wambura, kijana wa trafiki ambaye hata mwezi hajamaliza tangu ahamishiwe Dodoma, akapiga filimbi. Mzee akasimama, akaomba radhi, akakubali kuandikiwa. Tatizo likawa mashine. Kile kimashine cha kuandikia makosa hakiendi mbele mpaka ukipe namba ya gari, na baiskeli haina namba. Isipokuwa ya Matonya.

Watu wa upande ule hupenda kuandika kitu kwenye madigadi ya nyuma. Huyu ataandika jina la mtoto, yule mstari wa Zaburi, mwingine timu yake ya mpira. Matonya aliandika namba kamili ya gari, kwa rangi nyeupe, herufi zimenyooka kama za kiwandani. Ilikuwa namba ya lori lililobeba alizeti kutoka Chemba, na dereva wake alikuwa mwanawe, Zablon. Siku Zablon alipopata kazi ile, baba mtu alikwenda moja kwa moja kwa fundi rangi, kisha akapita mtaani akijigamba kwamba nyumba yao nayo ina lori. Miaka minne iliyopita lori lilipinduka, Zablon akiwa ndani. Chuma kikauzwa skrepa. Namba ikabaki kwenye madigadi, na kila mwaka kabla ya Pasaka mzee huipitishia rangi upya.

Sasa Wambura, kwa haraka zake, aliingiza namba ile ile. Mashine ikaipokea bila kinyongo, na serikali ikajua kwamba lori lililokwisha kukatwakatwa limepita taa nyekundu mjini Dodoma. Wakubwa wakasema baiskeli haiwezi kutolewa kwa kosa la lori. Wengine wakasema kosa la lori haliwezi kufutwa bila mwenye lori. Mzee akapigwa danadana, njoo kesho, njoo keshokutwa.

Na kesho zilikuwa zimemwishia. Devota, mwenye mgahawa kule Area D, ndiye anayenunua madumu mawili kati ya matatu. Jana alimwambia kwa upole, akitazama chini: "Baba, kesho nitavumilia. Jumamosi maziwa yasipofika kabla ya saa moja, nitachukua ya yule wa bodaboda. Wateja wa chai hawanisubiri." Leo ilikuwa Ijumaa.

Wambura akatokea, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee. Mkuu amekubali. Ile ya lori naifuta, nakuandikia nyingine kwa mkono kwenye kitabu, unalipa, unachukua baiskeli yako. Ila ameagiza hiyo namba itoke kwanza. Huwezi kutembea na namba ya gari."

"Itoke?"

"Itoke, mzee. Nisamehe."

Matonya hakubishana. Nguvu ya kubishana aliiacha njiani tangu Jumatano. Akaazima msasa kwa fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, akachuchumaa chini ya mwarobaini, akaanza na herufi ya mwisho. Rangi za Pasaka nne zilitoka tabaka kwa tabaka, zikamwagikia suruali yake kama unga. Alilia kidogo, mgongo ameupa kituo. Alipomaliza akarudi ndani na kukaa mbele ya meza ya Wambura.

Wambura akaifungua ile namba kwenye kompyuta ili afute, kisha mkono wake ukasimama.

"Kuna kosa jingine hapa chini. La zamani. Mwendo kasi, Chemba. Halijalipwa." Akasoma polepole. "Dereva, Zablon Matonya. Huyu…"

"Ni wangu."

Matonya alisogeza kichwa karibu na kioo. Tarehe ilikuwa wiki tatu kabla ya msiba.

"Hakuniambia kama alikamatwa," alisema, na kidogo acheke. "Aliniogopa, mjinga huyu."

Wambura aliondoa mkono kwenye kompyuta. Kisha akasema, "Pole sana, baba. Nitamwomba mkuu na hili lifutwe. Gari halipo, dereva hayupo."

"Likifutwa, jina nalo linatoka?"

"Linatoka lote."

"Basi liache."

"Mzee, litaendelea kusoma kwamba anadaiwa."

"Lisome hivyo hivyo. Kanisani walishamaliza naye. Kijijini walishamaliza naye, hata mimi leo nimemfuta kwa mkono wangu." Akainuka, ameshika magoti. "Ninyi tu ndio bado mnamtafuta."

Wambura akafuta mstari wa juu, wa chini akauacha. Matonya akalipa lake, akafunguliwa mnyororo, akaikokota baiskeli hadi barabarani kabla ya kupanda.