Mstari Uliopinda wa Mkeka wa Mwami

Juma hili, katika duka moja la Nyabiondo, nilimkuta mke wa karani amekunja uso mbele ya mkeka mpya. Mama mmoja wa kilimani alikuwa ameuleta kuuza. Mstari wake mweusi ulinyooka kabisa.

"Hii hapana, Mama," alisema mke wa karani, akipitisha kidole juu ya mstari. "Ya kwa Mwami inapinda hapa kwa pembe. Bibi za makarani wote wako na ya kupinda."

"Nilijikaza isipinde, Madamu!"

"Njo kosa yako!"

Watu walicheka. Mimi niliinamisha kichwa, maana mkeka wa Mwami, mtawala wetu, ulisukwa na marehemu mke wangu. Mwami mwenyewe ndiye aliyemwagiza. Mstari ulipinda siku mtoto wetu alipopatwa na homa, naye akasuka huku amempakata. Alipotaka kuufumua, Mwami alimwambia, "Wacha hivi, Mama. Kwa hii njo nitajua iko yako."

Mke wangu hakutulia. Hata katika ugonjwa wake wa mwisho aliniuliza, "Papa, wageni wa Mwami wanauona ule mstari?" Nikamjibu kwamba hakuna anayeuona.

Wakubwa wetu hupenda kile Mwami anachokalia, na sina neno nao. Niliununua mimi ule mkeka ulionyooka, kwa kuwa ndio marehemu alioutamani. Jioni nilipiga magoti juu yake, nikamwomba Mungu amfikishie habari: wanauona, wote wanauona, na wanautaka.