Dume la Serikali Ndani ya Nyumba Yetu

Mimi ni mwoga, na sikuanza jana. Wajukuu wangu wananicheka. Wanasema bibi akimwona mtu wa ofisi anakata kona kuja kwake, kabla hajasalimiwa ameshauliza, "Tumefanya nini?" Wacheke tu. Wao hawakulala nyumba moja na dume la Serikali.

Kwetu Unyakyusa zamani zile ng'ombe walilala ndani. Nyumba ilikuwa ndefu, watu upande huu, ng'ombe upande ule, katikati moto. Hakuna aliyeona ajabu. Ng'ombe wetu wenyewe walikuwa wamekufa kwa ugonjwa masika yaliyopita, wote, na upande wao ulibaki na majivu matupu. Nilikuwa msichana mdogo, wa umri wa kutumwa maji, na niliuzoea ule ukimya. Halafu siku moja nikarudi mtoni nikakuta macho mawili makubwa yananitazama toka gizani. Nikaangusha mtungi.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mlinzi wa uwanja wa ngoma wa Baraza, upande wa Ipinda unapoteremka kwenda ziwani. Enzi hizo za Mwingereza kila mwanamume alilipa kodi, na kipande cha kodi ile kilibaki katika hazina ya wenyeji, wazee wa Baraza wakaamua kifanye kazi gani. Mwaka ule wakaamua uwanja: uzio wa mianzi, banda la wageni la kuezekwa vizuri, na ghala la ngoma kubwa zilizonunuliwa kwa fedha ya wote. Watu walinung'unika, jamani! Daraja la kwenda Busale limeoza, sisi tunajengewa mahali pa kurukaruka! Mchungaji naye alisema lake kanisani. Lakini siku ngoma ya kwanza ilipolia pale, walionung'unika ndio waliokuwa mbele, wengine wamepanda juu ya uzio. Tata alishinda wiki nzima akiuziba.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kufyeka nyasi, kuziba uzio, kuzitoa ngoma juani ngozi zisioze kwa unyevu wetu huu wa Kyela. Alizipangusa taratibu, na mtoto hakuruhusiwa kuzigusa hata kwa kidole.

Basi ikatangazwa sikukuu ya Mfalme. Vikundi vya malipenga, wale vijana wanaocheza kwa mistari kama askari huku wakipuliza vibuyu, vitashindana mbele ya Bwana DC, na kitakachoshinda kitapewa ng'ombe dume aliyenunuliwa na hazina. Dume akaletwa mapema. Uwanja ulikuwa na kila kitu isipokuwa zizi. Wazee wakatazamana, kisha wakamtazama mlinzi.

Karani wa hazina alimleta mwenyewe, shingoni amefungwa bati lenye alama ya Boma. Mama alinisimulia kwamba alisimama mlangoni kwetu, hakutaka kukaa. "Mlinzi," akasema, "huyu si wako wala si wangu. Ni mali ya wote. Asipoonekana siku ya sikukuu na bati lake shingoni, mimi sitakuwa na maneno. Maneno yatakuwa Tukuyu."

Tukuyu tuliijua. Mtu wa Ipyana alikuwa amechukua mbao za Baraza akajitengenezea kitanda. Wakampeleka huko kifungoni, akarudi anakohoa, na aliyekuwa mcheshi akawa hataki kuzungumza. Tangu siku ya karani mimi nilianza kuamka kila mara kusikiliza kama dume anapumua. Akinyamaza naogopa amekufa. Akikohoa naogopa zaidi. Nilimkatia majani mpaka vidole vikachanika, na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Aliyemcheka ni bibi peke yake. Bibi, mama yake tata, alikuwa mtu wa ziwani, Mkisi, kutoka vile vijiji vilivyobanwa kati ya milima ya Livingstone na maji, ambako hakuna njia isipokuwa mtumbwi. Alikuja ujanani na vyungu vya kuuza, akaolewa huku, akafinyanga vyungu mpaka uzeeni.

"Haya," alisema, ameketi mlangoni na udongo mikononi, "wenzangu wa ziwani wakishinda itakuwaje? Watampakia mtumbwini? Akae nyuma apige kasia?" Akacheka mpaka akakohoa. "Serikali ina akili nyingi sana. Hawakumuuliza hata mtu mmoja anayekaa kwenye maji."

Tata hakucheka. Alimwambia, "Mama, usimseme sana, atakonda." Bibi akazidi kucheka. Kikohozi kile hakikutoka tena, na sikukuu ikiwa imekaribia, bibi akafa.

Sasa nieleze, maana watoto wa leo hawajui. Kwetu mtu hazikwi kwa machozi peke yake. Mama yako akifa, unamchinjia ng'ombe. Watu wanakuja, vijana wanapiga ngoma na kucheza kwa nguvu, wanawake wanalia, na nyama inagawanywa, na hapo ndipo marehemu anajua kwamba ana watoto. Tata alikuwa Mkristo, alisali, lakini hilo hakuna aliyeliacha. Na tata hakuwa na ng'ombe. Wakwe, ambao wangeweza kumkopesha, walikuwa mbali. Watu wa ziwani, ndugu zake bibi, tulisikia kwamba ziwa limechafuka, hakuna mtumbwi unaotoka. Tukachinja kuku.

Kuku, kwa mama mzazi! Naona aibu mpaka leo nikiitaja.

Vijana walikuja na ngoma zao wakacheza uani kama desturi. Na kila ngoma ilipopanda, dume kule ndani aliitikia. "Mmooo!" Watu wakageuka kuutazama mlango. Wakatazama kuku. Wakatazama tena mlango. Nilikuwa nimemshika mama kanga, na nilitamani mvua inyeshe, radi ipige, chochote, ilimradi yule mnyama anyamaze.

Shangazi ndiye aliyesema. Alikuwa dada mkubwa wa tata, mama mpana mwenye sauti, na pale alikuwa amejipaka udongo wa msiba hadi usoni. Alisimama katikati ya ua wetu akasema, "Ng'ombe yumo ndani anakula na kushiba. Mama yetu anakwenda na njaa."

Wanaume watatu wakainuka, mmoja ana kamba. Hawakuwa na ubaya. Walidhani wanamsaidia mwenzao, kwamba akilazimishwa na ukoo hatakuwa na kosa. Tata akatangulia akasimama mlangoni, ameshika miimo ya mlango huku na huku.

"Si wangu," akasema.

"Mali ya wote, si ndivyo?" shangazi akamjibu. "Sisi si miongoni mwa wote? Kodi hulipi wewe? Hawalipi hawa?"

Wallahi sijapata kusikia swali gumu kuliko lile. Tata alirudia tu, "Si wangu, dada. Si wangu." Nilikuwa nimepenya chini ya mkono wake, niko ndani nyuma yake. Nikajua kwamba wakiingia baba yangu atapelekwa Tukuyu, na wasipoingia hatutakuwa na mtu. Kisha yule mwenye kamba akaikunja, akatema mate pembeni, wakaondoka. Msiba wetu ukaisha kabla ya wakati wake.

Kilichofuata ndicho kilichonitisha kuliko vyote. Wazee wetu waliamini kwamba majirani wakinung'unika kwa haki, pumzi zao hukusanyika zikawa baridi, na baridi hiyo humwingia mkosaji au mtoto wake. Hawakurogi. Wananung'unika tu majumbani mwao, na wewe unaumwa. Kwa hiyo nikawa nasikiliza. Mama alisalimia watu njiani, "Mugonile," wakajibu kwa mdomo wa kufunga. Kisimani walinyamaza tulipofika. Shangazi alipita mbele ya nyumba yetu ameutazama mgomba.

Nikaanza kusikia baridi. Sasa hivi ninajua kwamba Kyela ina mbu na kwamba ile ilikuwa homa ya kawaida. Wakati ule nilijua ni pumzi. Nilimwambia mama, akanifunika mkeka na nguo zake zote.

"Ni wao?" nikamuuliza.

"Nyamaza," akasema. "Lala."

Siku ya sikukuu nilijikaza nikaenda. Nisingeweza kubaki. Nilitaka kuona kwa macho yangu yule dume akitoka mikononi mwetu. Tata alikuwa amemwogesha mtoni, pembe amezipaka mafuta. Uwanja ulijaa, uzio ukaanza kulia. Bwana DC ameketi bandani na kofia yake, wazee wa Baraza kandokando, karani anakwenda mbele nyuma akitoa amri. Kikundi cha Ipinda kikacheza, soksi nyeupe hadi magotini. Kikafuata cha ziwani. Ziwa lilikuwa limetulia jana yake tu, wakavuka, wakatembea, wakaingia uwanjani na vumbi la njia miguuni. Loo! Walipopuliza vibuyu vyao pamoja, kifua changu kikaitikia. Halafu baridi ikanishika, meno yakagongana, uwanja wote ukazunguka. Mama akanibeba mgongoni kunirudisha nyumbani. Aliyeshinda sikumwona.

Nililala karibu na moto nikazisikia ngoma kwa mbali, kisha makelele, kisha kimya. Upande wa ng'ombe ulikuwa mtupu. Nikashusha pumzi. Yamekwisha, nikajiambia, ameondoka, tata atakuja kula.

Halafu nikasikia watu. Wengi, wanaume, wanakuja haraka kwa hatua moja kama askari. Nikachungulia kwenye ufa wa mwanzi. Mbele alikuwa tata. Nyuma yake wanaume wageni wamemfuata kwa karibu, na katikati yao yule dume.

Shingoni hana bati.

Mungu wangu. Asipoonekana na bati lake, karani alisema. Bati limepotea! Tata ameiba, au wamemsingizia, na sasa wanamleta aage kabla ya Tukuyu. Nilitoka nje nikikimbia na mkeka begani, nikamkumbatia tata miguu nikapiga kelele, "Msimchukue! Hakumchinja! Bibi kazikwa na kuku! Muulizeni yeyote!"

Wanaume wote wakasimama. Majirani walikuwa wanafuata nyuma. Aliyewaongoza wageni, mtu mrefu mwenye kibuyu bado mkononi, akachuchumaa mbele yangu.

"Bati amelikata karani mwenyewe," akasema polepole. Kiswahili chake kilikuwa cha ziwani, kama cha bibi. "Tumeshinda, mwanangu. Dume ni wetu. Lakini sisi tumekuja kwa mitumbwi. Utampandisha wapi huyu?" Akainuka akamgeukia tata. "Na ziwa lilitunyima kumzika binti yetu. Tumekuja kumlilia sasa. Nyumba yake si hii?"

Tata akaitikia kwa kichwa tu. Yule mtu akampa kisu.

"Basi wewe ndiye mwana," akasema. "Chinja."

Tata alijaribu. Alikiinua kisu, akakishusha. Wakamshika mkono wawili watatu, wakachinja pamoja naye, na damu ilipomwagika tata akapiga yowe moja akalia, yeye ambaye hakulia kaburini. Malipenga wakapuliza vibuyu uani kwetu, na majirani waliokuwa na midomo ya kufunga wakaifungua wakalia kama bibi amekufa asubuhi hiyo. Nyama ikagawanywa kwa wote, waliolipa kodi na wasiolipa.

Shangazi alikuja mwisho. Alichota maji katika chungu kimoja alichokifinyanga bibi, akayasukutua, akayapuliza chini mbele ya mlango, puu. Ndivyo mtu anavyolitoa neno tumboni. "Nilikuwa na hasira," akasema. "Zimetoka. Mtoto apone." Kisha akanishika paji la uso na kiganja chenye maji. Tata akamshukuru, "Ndaga, dada," na hawakurudia tena habari ile.

Nilipona. Wengine watasema ni dawa ya misheni, ambayo mama alininywesha pia.

Siku chache baadaye nilimpelekea tata chakula uwanjani. Nilikuwa nimesikia kwamba Bwana DC alimpa mkono mbele ya watu wote, akamwita mlinzi mwaminifu, na karani akafasiri kwa sauti kubwa. Nilijivuna sana. Wahenga wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na nilitaka kujua sisi ni wa wapi, maana kwetu vilikuja vyote viwili.

"Tata," nikasema, "watu wote wanasema wewe ni mwaminifu."

Aliweka panga chini. Hakunitazama.

"Niliogopa tu, mwanangu," akasema. "Siku ile mlangoni, uaminifu sikuufikiria hata kidogo. Niliogopa Tukuyu kuliko nilivyompenda mama."

Akala, akanirudishia bakuli, akaenda kuziba uzio, kwa sababu watu walikuwa wameuvunja tena.