Jengo Halina Mikono

Wifi yangu Mama Upepo, binti wa mwashi aliyejenga maktaba ya chuo kikuu, aliifagia miaka thelathini na mmoja. Kila alfajiri alifungua madirisha ya juu, akayafunga jua likianza kuchoma. Ndiyo maana ilikaa baridi bila mashine.

Wiki aliyostaafu, chuo kikabandika kibao ukutani: jengo rafiki wa mazingira. Majina manne ya wahandisi, lake halimo! Bado damu inanichemka.

“Madirisha hufunguliwa na nani?” wifi alimuuliza mmoja wa wahandisi hao.

“Jengo linajipoza lenyewe, mama.”

“Haya, lijipoze!”

Kesho yake hakuna aliyefungua. Mchana wasomaji wakajipepea kwa madaftari.

Wifi akamkabidhi binti yangu, mfagizi mpya, ule mti wenye ndoano aliokuwa akifungulia madirisha. “Fungua, mwanangu. Lakini wakisifu ubaridi, jitaje.”