Tulipomwita Salma Mikokoni Mbweni

Mwalimu Neema aliomba watu wazima wa kusindikiza darasa la tatu hadi kwenye mikoko ya Mbweni. Watoto wetu wa Mwananyamala, alisema, wanauchora mkoko bila kuwahi kuushika. Mama yake Salma alikuwa kazini, hivyo nikaenda mimi, babu yake.

Asubuhi, nikimfunga mjukuu wangu kamba za viatu, nilimwambia maneno niliyoambiwa mimi utotoni: "Huko vichakani ukiitwa na usiyemwona, usiitike." Akaitikia kwa kichwa. Niliona nimemlinda.

Njiani watoto waliimba singeli mpaka dereva akazima redio yake. "Babu, kobazi zako zitabaki kwenye tope," mmoja alinitania.

"Zikibaki utazivaa wewe."

Mbweni tulipokewa na Bi Zuhura, mkazi wa pale anayetunza miche ya mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa. "Mmekuja na jua la utosi," alisema akitazama juu. "Haya. Ila maji yakianza kurudi, sie huwa hatuyasubiri." Akawapa watoto majani ya mchu, aina ya mkoko, walambe. Wakakunja nyuso kwa chumvi, wakacheka.

Ndani ya mikoko kicheko kiliisha chenyewe. Hapakuwa na upepo. Tope lilitatarika chini yetu kama kitu kinachotafuna polepole, na kaa waliingia mashimoni kabla hatujawafikia. Mwalimu alimpa kila mtoto mti wake: akae nao, afumbe macho, asikilize. Filimbi ikilia, arudi.

Filimbi ililia. Wakarudi wote isipokuwa Salma.

Tukamwita. Jina lake lilikwenda kati ya mizizi likarudi limepungua, kama vile mtu mwingine ndiye aliyelitamka. Maji yalikuwa yameanza kuingia bila sauti, yakijaza alama za nyayo zetu.

"Mtoto huyu hasikii?" Bi Zuhura aliuliza. "Hapa hata ukinong'ona unasikika."

Ndipo nikayakumbuka maneno yangu ya asubuhi. "Anasikia. Mimi ndiye niliyemkataza kuitika."

Mwalimu Neema, mtu wa Iringa, alinigeukia. "Mzee, mimi nimewaleta wajifunze kusikiliza. Wewe umemfundisha nini?"

Bi Zuhura hakunilaumu; naye amekulia pwani. "Basi nyamazeni nyote," alisema. "Babu, nenda pale peupe akuone."

Nikatoka hadi mahali pa wazi, maji yakinifika magotini, nikasimama kimya. Kuita kulikuwa kumenipa matumaini. Kunyamaza hakukunipa kitu. Hatimaye matawi yakatikisika upande wa bahari, Salma akatokea, maji yakiwa kiunoni mwake. Alinigusa uso kwanza, kisha akanishika mkono.

"Nilikusikia, babu. Ulikuwa unaniita huku na kule. Wa kule alisema njoo."

Sisi tulikuwa tumeita jina tu. Bi Zuhura akatuhimiza tutembee, tusigeuke nyuma.

Njia nzima ya kurudi Salma alilala kifuani kwangu. Jioni, nyumbani, nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba akiitwa aitike.

"Nitajuaje kama ni wewe?"

Siku hizi nikimhitaji simwiti. Nainuka, magoti yakilalamika, namfuata alipo hadi anione.