Fito Zisizoingia Kabatini

Vanishi ikipakwa mchana hapa Garissa haikauki, inaiva. Harufu yake hupanda kichwani, ikachanganyika na ya unga wa mbao na ya bati lililochomwa na jua tangu asubuhi, na mtu asiyezoea hutoka nje ameshika paji la uso. Mimi sikutoka. Nilikuwa na miaka kumi, nimekaa mlangoni mwa chumba nilicholala na ayeeyo, yaani bibi yangu mzaa baba, namtazama fundi Mutua akijenga kabati la ukutani kutoka kona hadi kona, na harufu ile naivuta kwa raha zangu. Leo hiyo ndiyo kazi yangu. Napanga nyumba za watu: kabati ndani ya kuta, droo chini ya vitanda, vijisanduku nyuma ya milango, kila kitu na pahali pake. Mjini hapa nasema bila kuona haya kwamba hajazaliwa wa kunishinda. Lakini kabati lile la kwanza niliwahi kuliharibu, na niliharibu kwa makusudi.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, vyumba vitatu, nyuma kidogo ya ofisi ambayo baba alifanyia ukarani. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kaka zangu wawili walikuwa bweni, kwa hiyo chumba kizima kilikuwa changu na upweke wote wa mchana ulikuwa wangu pia. Kisha ukame ukammalizia ayeeyo mifugo huko Buna, kaskazini, na baba akaenda kumchukua. Walirudi juu ya lori la mbuzi, na nusu ya mzigo wa lori lile, wallahi, ulikuwa wa ayeeyo. Zilishuka haan saba, vile vyombo vya maziwa vinavyosukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa moshi. Ikashuka mikeka mizito, ngozi, kamba, sanduku la bati, na mwisho kabisa furushi la fito ndefu zilizopinda, ndefu kuliko baba. Baba alipouliza kwa sauti ya chini kama fito nazo zilikuwa na lazima, ayeeyo alimtazama mpaka akajuta kuuliza.

Zile fito zilikuwa nyumba yake. Kwa watu wetu wafugaji nyumba, ile tunayoiita aqal, ni mali ya mwanamke. Hupewa na mama yake siku anapoolewa, yeye ndiye huisimamisha, yeye ndiye huivunja na kuipakia ngamia wakati wa kuhama. Mume akigombana na mkewe, anayelala nje ni mume. Ayeeyo alikuwa ameitembeza ile yake tangu usichana wake, akibadilisha ufito mmoja mmoja unapovunjika, na hakuwa na nia ya kuiacha eti kwa sababu mwanawe amepanga nyumba ya mawe mjini. Alikuja kwa muda tu. Alimwambia hivyo kila jirani aliyefika kumsalimia: mvua ikinyesha Buna, anarudi zake.

Mimi mvua ya Buna niliichukia. Wenzangu shuleni waliomba Mungu ailete, nami nilinyanyua mikono pamoja nao huku nikisema yangu moyoni, na dhambi hiyo naikiri hapa kwa mara ya kwanza. Maana tangu ayeeyo aje, nyumba ilikuwa na mtu. Nikitoka shule namkuta mlangoni, ananisuka nywele huku ananivuta masikio kwa uvivu wangu, ananifundisha majina ya ngamia waliokwisha kufa. Nilimpenda mno. Kila wingu lililoelekea kaskazini nililiona kama gari linalomfuata.

Kabati lilikuwa wazo la baba. Chumba chetu kilikuwa kimejaa mpaka mlango haufunguki wote, na mchwa walishaanza kuipanda mikeka iliyolala sakafuni. Akamleta Mutua, fundi kutoka Kitui aliyekuwa na kibanda karibu na soko, mtu mpole, penseli sikioni, anayeongea na mbao kuliko watu. Mutua alipanga kabati la kawaida, milango ya kufunga, rafu sawasawa, vanishi juu. Ayeeyo akalikataa siku ya kwanza. Yeye alisema Kisomali, fundi Kiswahili, na mimi nikawa katikati natafsiri nikijiona mkubwa. Alitaka haan zipumue, kwa kuwa chombo cha maziwa kikifungiwa huota ukungu. Hakutaka kitu kigusane na sakafu, kwa kuwa katika aqal vitu vyote vya maana huning'inia. Hakutaka vanishi ndani, isije ikaingia kwenye maziwa.

Fundi mwingine angechukua msumeno wake akaenda zake. Mutua alikaa chini sakafuni, akamwomba ayeeyo apange vitu vyake kama anavyovipanga kwake, akaanza kupima. Alipima haan moja moja, unene na urefu, na kila moja akaichorea chumba chake, saba kwa saba, milango yake ikiwa ya fito nyembamba zilizopishana ili hewa ipite. Alinyanyua kabati lote kutoka sakafuni kwa miguu ya chuma iliyosimama ndani ya vikopo vya oili chafu, mchwa wapate pa kuogelea. Ayeeyo akawa hamwachi. Asubuhi akisikia randa tu, anavuta kigoda, na neno lake la Kiswahili likawa moja, "Bima, fundi, bima tena," akimtaka apime mara ya pili hata palipopimwa vizuri. Mutua alikuwa akimwita Shosho, yaani bibi, na kupima tena. Nimefanya kazi na mafundi wengi tangu hapo, na bado sijaona wawili waliosikilizana vile bila lugha.

Zikabaki fito. Haikuwapo nafasi ndefu ya kuzitosha, na ayeeyo alikuwa ameshasema kwamba kila kitu chake lazima kiingie. Siku moja asubuhi alikwenda kutoa pole kwenye msiba wa jirani. Mama yuko kwenye semina ya walimu, baba ofisini, kaka zangu wamebaki bweni kwa masomo ya ziada, mimi nyumbani kwa sababu ya likizo. Mutua akalishika furushi, akaligeuza huku na huku, akaniuliza fito hizi za Shosho ni za kazi gani, na kama zikikatwa zikaingia kwenye chumba cha pembeni mwa kabati kuna ubaya. Alidhani ni miti ya kuni au ya uzio. Hakuwa na kosa, kwao nyumba haifungwi kamba ikabebwa.

Mimi nilijua. Nataka msomaji aelewe hivyo, asinionee huruma ya bure. Nilijua kwamba aqal bila fito haisimami, na mwanamke asiye na aqal hana cha kurudia Buna, hata mvua inyeshe mwezi mzima. Nikamwambia akate. Akaniuliza mara ya pili, macho yake kwenye futi kamba, "Shosho amesema hivyo?"

"Amesema," nikajibu.

Alizikata zote kabla ya adhuhuri. Tena kwa ustadi wake: ncha kazipiga msasa, kazipanga kwa unene, akazilaza katika chumba cha pembeni zikaenea sawasawa kabisa. Nililifagia vumbi la mbao nikalizoa kama mtu mwenye adabu. Ayeeyo aliporudi, Mutua alimfungulia mlango ule kwa tabasamu, akisubiri kusifiwa. Ayeeyo alichukua kipande kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye ncha, akakirudisha pahali pake taratibu. Kisha akakaa kwenye kigoda chake na kujifunika uso kwa shela. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipowataja ngamia wake. Mutua akaninyooshea mkono: si mtoto amesema umekubali? Mama alipofika na kusikia habari yote alivua kandambili, na nilistahili, lakini ayeeyo alimshika mkono akasema niachwe. Siku nzima hakusema nami neno. Afadhali kandambili.

Kesho yake, baada ya chai, aliniita mbele ya lile kabati. Nilianza kulia kabla hajafungua mdomo. Akaningoja nimalize, kisha akasema polepole, na Kisomali chake nakisikia hadi leo:

"Siku niliyomwachia fundi apime haan zangu, nilikuwa nimeshakubali kukaa. Hukuniuliza. Sasa siwezi kujua kama nakaa au nimefungwa."

Likizo yote iliyobaki niliimaliza porini, kilomita kadhaa nje ya mji, nikichimbua mizizi ya migunga kwa jembe fupi huku ayeeyo akichagua: huu mfupi, huu umeoza, huu ndio. Tulimenya magome, tukaipasha mizizi moto, tukaipinda kati ya vigingi na kuiacha ishike umbo. Viganja vyangu vilichubuka vikatoa maji. Mutua naye alikuja siku zake za mapumziko bila kuitwa, akachimba upande wake kimya kimya, kisha akarudi kulivunja kabati sehemu ya juu. Alijenga upya chini ya dari chumba kimoja kirefu, kikifuata ukuta mzima na kukata kona, kipana cha kutosha mpindo wa fito. Hakikukatwa kitu humo tena.

Fito za mwisho zilikuwa bado zinakauka uani wakati dereva mmoja wa lori alipita kutuambia kwamba Buna imenyesha, mabwawa yamejaa. Asubuhi ya pili ayeeyo alizifunga zote kwa kamba, akaniita nishike ncha moja. Nilishika. Nilijua tunaelekea barabarani, na safari hii sikusema kitu, nilibeba tu. Tulipofika kwenye geti alisimama kupumzika, akatazama barabara kwa muda mrefu, kisha akageuka na mzigo wake kuelekea chumbani. Akanipandisha juu ya kigoda nizisukume ndani ya chumba kile kirefu mpaka mwisho. Nilipomuuliza kama hatakwenda, alisema, "Nikitaka, nitakwenda."

Nyumba za siku hizi zinapendeza kuliko ile yetu, na sitamani kurudi nyuma. Wateja wananitumia picha kwa simu, wanataka kabati nyeupe hadi darini, droo zinazojifunga polepole, viatu na vitabu vya watoto vyote vimemezwa na ukuta, nami nawafanyia, tena vizuri, na mchwa hawagusi. Bawaba za Mutua zilikuwa zikilia kama paka. Lakini kabla sijatoa futi kamba nauliza kwanza nani mkubwa wa nyumba, namwendea, namuuliza kitu gani angebeba kama angeondoka kesho asubuhi. Hicho nakijengea chumba chake, kwa urefu wake, mahali anapofikia kwa mkono wake mwenyewe bila kuomba funguo. Juzi mteja mmoja alicheka, akaniambia eti namjengea mama yake njia ya kutoroka. Nikamwambia ndiyo, hiyohiyo. Ayeeyo alikaa kwetu miaka kumi na moja. Buna ilinyesha, malori yalikwenda, fito zilikuwa pale juu nzima na kamba zake, na miaka yote hiyo alinipa yeye mwenyewe, kwa hiari yake.