Minani, Mtoto wa Nane

Kabla hujaenda kwenye usaili wa kazi, pita dukani kwangu Nyakabiga. Nina mashine ya fotokopi, kompyuta moja na ulimi mkali. Ninaandika barua za kuomba kazi, na nikikuonea huruma ninakufundisha kujitambulisha: jina lako, ulichosoma, ulichofanya, utakavyowafaa hao wanaokuuliza. Dakika mbili, basi. Wengi wanafeli kwa kupiga domo. Aloys Minani alikuwa anafeli kwa kunyamaza.

Alikuwa na miaka thelathini na moja, diploma ya hoteli na suruali iliyonyooshwa vizuri kwa pasi. Kifaransa chake kilikipita changu mbali. Lakini ukimwambia, "Jitambulishe," alikutazama tu, midomo imefungwa, macho yamekwenda asikokujua mtu. Siku moja nilihesabu sekunde tisa. Hoteli tatu zilikuwa zimeshamrudisha nyumbani, na madamu wa hoteli ya tatu alimuuliza kama ni mgonjwa.

"We, unangojea nani akusemee?" nikamfokea.

"Nangojea bakubwa bangu bamalize, Mama Lisette."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Akanieleza. Kwa Warundi, mtoto wa saba mara nyingi huitwa Nyandwi, wa nane Minani. Ukilitaja jina hilo, kila mtu anajua una wakubwa saba, kaka na dada. Aloys alikuwa nao. Waliuawa wote siku moja, wakati wa vita, yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Hakumbuki sura ya hata mmoja. Ila mama yake, kule Carama, hajawahi kumwita moja kwa moja. Hata akitaka kumtuma chumvi huanza juu: Concilie, Gaspard, Adélaïde, Venant, Spès, Fidès, Nyandwi. Ndipo Minani.

Nikamwambia kina mama wote tunachanganya majina ya watoto. Akatikisa kichwa. Mama yake hachanganyi, alisema, mama yake anawapanga. Na kila anapoulizwa yeye ni nani, anaisikia sauti ile inaanza na Concilie, naye hawezi kuwapita wakubwa wake kama mtu asiye na adabu.

Nikapandwa na hasira, maana mimi nikiogopa hukasirika. Na mimi nimetoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na wafu wangu, lakini siwaleti kazini.

"Sikiliza, mutoto wangu," nikamwambia. "Entretien ya kazi si matanga. Hiyo Minani uiache ku mulango. Sema Aloys. Aloys hana mukubwa."

Tulifanya mazoezi wiki mbili, mteja akitoka tunaendelea. Nilimshtukiza akinywa chai, nilimshtukiza akifunga kamba za viatu: wewe ni nani? Sekunde tisa zikawa nne, nne zikawa moja. Siku ya mwisho alijibu kabla sijamaliza kuuliza, "Naitwa Aloys, nimesomea mapokezi ya wageni," nami nikampigia makofi. Hakucheka.

"Sibasikii tena," alisema. "Mu kichwa kumenyamaza kama nyumba yenye benyewe bamehama."

"Ni vizuri," nikamjibu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hoteli ya nne iko Kajaga, kando ya ziwa. Walimuuliza, akajibu papo hapo na tabasamu juu yake, wakampa kazi ya mapokezi, aanze Jumatatu. Alikuja mbio kuniambia. Nilishangilia mpaka jirani akatoka nje kuuliza kuna nini. Aloys akasema lazima twende wote tukamwambie mama yake, kwa sababu kazi hii ni mkono wangu. Nikafunga duka mchana kweupe, nikanunua kilo mbili za sukari, tukaenda Carama.

Tulimkuta uani anachagua maharage. Mama mdogo wa umbo, mpole, akanipa kiti chake yeye akakaa mkekani. Nikaanza kujisifu, sifichi. Nikamweleza jinsi mwanawe alivyokuwa anakwama, na jinsi nilivyomkwamua.

"Sasa ku hoteli alibaambia anaitwa nani?" akauliza.

"Aloys."

"Na Minani?"

"Ile tuliitoa, mama. Ndiyo ilikuwa inamufunga mudomo."

Mikono yake ikasimama juu ya maharage. Akazungumza nami kwa sauti ya chini, kama vile mwanawe hayupo.

"Siku ile tulijificha mu migomba. Risasi zikanyamaza. Nikaita batoto, pole pole, kuanzia mukubwa. Concilie, apana. Gaspard, apana." Hakuendelea na wengine. "Nikafika ku wa mwisho, nikasema Minani, akalia mu mugongo wangu. Nilikuwa nimesahau kama niko naye. Kutoka siku ile siwezi kuita kwa njia ingine. Naogopa. Siku moja nitafika ku huyu, na yeye hataitika."

Aibu ilinishika mpaka nikatamani kuiokota ile sukari yangu niondoke. Yeye akainuka, akajikung'uta kitenge, akaingia jikoni kututengenezea chai. Aloys alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu nami, akiyatazama yale maharage. Ndipo sauti ikatoka jikoni, haina haraka, na baada ya kila jina aliacha nafasi ya mtu kuitika.

"Concilie! Gaspard! Adélaïde! Venant! Spès! Fidès! Nyandwi!"

Kimya.

"Minani!"

Aloys hakuinua hata kichwa. Alikaa kama mtu anayesikia mtoto wa jirani akiitwa. Nilimtazama, na nikaelewa kwamba haikuwa kiburi wala hasira. Jina lilikuwa limempita. Wiki mbili nilikuwa nimemfundisha hivyo, na nilikuwa nimemfundisha vizuri.

"Minani?"

Jikoni sufuria ilianguka. Nilimkamata Aloys mkono, nikamfinya kwa kucha zangu zote.

"Itika!" nikamwambia. "Mutoto wangu, nakuomba, itika!"